Uzio Wangu wa Kiingereza

Mkasi wangu wa bustani umekwisha makali, na mimi mwenyewe sina tofauti nao. Kila mvua za masika zikipita, uzio wangu wa michongoma hurefuka kama unaonikomoa. Zamani nilikuwa naukata upande mzima kwa asubuhi moja. Siku hizi nakata hatua kumi, nakaa chini, nakunywa maji, natazama miba iliyobaki na kujiuliza nani alinituma.

Hakuna aliyenituma. Niliupanda kwa mikono yangu nilipostaafu ualimu na kurudi Ole, kijijini kwetu Pemba, kwenye shamba la marehemu baba. Niliupanda kwa mapenzi ya Uingereza. Na kwa ajili ya uzio huo dada yangu, aliyenilea, aliacha kuja kwangu asubuhi. Kwa miaka mitatu hakuja kama zamani. Hilo ndilo ninalotaka kuliandika, na nitajitahidi nisijipendelee.

Nilikwenda Uingereza nikiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, mwaka mmoja tu, kusomea namna ya kufundisha Kiingereza. Chuo kilikuwa mjini lakini vyumba vya mjini vilijaa, nikapelekwa kukaa kijijini, nusu saa kwa basi, katika nyumba ya bi kizee mmoja mjane. Wenzangu walinionea huruma. Mimi niliamka asubuhi ya kwanza, nikafungua pazia, nikaona mashamba yamegawanywa kwa nyua za miti iliyopandwa ikashikana, kondoo wamesimama kwenye umande, ukungu umelala bondeni, na kengele ya kanisa inalia mbali. Nikajua nimepatikana.

Niliipenda ile nchi, na sitaki kujikosha. Wanafunzi wangu, hasa wale wakubwa wenye ulimi, walikuwa wakiniuliza: Maalim, vipi unawasifu watu waliotutawala? Nikiwajibu kwamba sikumpenda gavana, nilipenda njia ya matope yenye mti upande huu na mti upande huu. Hawakuridhika. Hata mimi jibu lile sikuliona kuwa limetimia, lakini moyo hauna adabu ya kuuliza historia kabla ya kupenda. Nilipenda mvua yao nyembamba isiyokuwa na haraka. Nilipenda wanavyoizungumza, asubuhi, mchana na jioni, kama sisi tunavyoulizana hali ya wagonjwa. Nilipenda mabuti ya mpira yaliyopangwa mlangoni, ya bibi na ya marehemu mumewe, ambayo aliniazima na yakanienea. Nilipenda chai ya saa kumi yenye maziwa mengi, na kimya kinachonywewa pamoja nayo.

Siku moja bibi yule alinipa kikapu akaniambia nitoke nikachume matunda meusi, madogo kama forosadi, yaliyokuwa yamejaa kwenye nyua za njiani. Nikamuuliza ya nani. Akasema si ya mtu, ni ya anayepita. Sikuamini. Nilichuma nikiangalia nyuma kama mwizi, na niliporudi aliniona uso, akacheka mpaka akashika meza. Tukapika jamu. Nimepika jamu mara nyingi tangu hapo, ya mapera, ya maembe, na hakuna iliyofanana na ile.

Kuna mambo mawili zaidi lazima niyaeleze, kwa sababu ndiyo yaliyorudi kunitia adabu.

La kwanza ni hodi. Bibi yule, ndani ya nyumba yake mwenyewe, alikuwa hagusi mlango wa chumba changu bila kubisha na kungoja. Akileta mashuka anabisha. Akileta barua kutoka nyumbani anabisha, na mimi nipo ndani nimekwishasikia nyayo zake ngazini na roho inanipapatika kwa hiyo barua. Niliona ni ustaarabu mkubwa. Niliporudi Pemba niliisimulia habari hiyo kwenye kila baraza. Mke wangu alisema bibi huyo lazima alikuwa mpweke sana. Dada yangu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwake mwenyewe apige hodi? Huo ntihani."

La pili ni njia ya mkulima. Nyuma ya nyumba ya bibi palikuwa na shamba la ngano la mzee mmoja, mnene, mwenye kofia iliyokwisha rangi, na katikati ya shamba lile, kukingama, ilipita njia ya miguu. Penye uzio palikuwa na kingazi cha mbao, vidato viwili kupanda na viwili kushuka, ili mtu auvuke uzio bila ya kuubomoa. Watu wa kijiji walipita na mbwa wao na watoto wao, na mimi nikipita kwenda kituo cha basi. Msimu wa kulima yule mzee aliigeuza ardhi yote, njia nayo ikapotea, na mimi nikadhani mambo yamekwisha. Kesho yake nilimkuta anapita na trekta kwenye udongo uliolimwa, anaikanyaga njia upya, pale pale ilipokuwa. Nikamuuliza kwa nini asiwaambie watu wazunguke. Alishangaa na suali lenyewe. Akaniambia njia ile ilikuwapo kabla ya babu yake, na yeye kazi yake ni kulima kandokando.

Habari ya mzee huyu niliisomesha skuli kwa miaka thelathini. Kila darasa lilifika kwa yule mzee na kingazi chake. Nilikuwa nakichora ubaoni.

Sasa nije kwetu. Baba alipofariki shamba lilirithiwa, nikapata mafungu yangu mawili na dada fungu lake moja, kama sheria inavyosema. Langu likawa mbele, linapakana na barabara. Lake likawa nyuma, juu ya bonde la mpunga, na nyumba yake ipo huko. Dada amenipita miaka tisa. Mama alifariki mimi sijaanza skuli, na yeye ndiye aliyenifunga vifungo vya shati, aliyenipeleka chuoni kusoma Kurani, kwa mkono, na kunitolea miba miguuni kwa sindano. Shehe alipomuuliza mbele ya watu kama ameridhika na mgao, alisema ameridhika na hataki zaidi kwa ndugu yake. Neno hilo nililisikia na nikalisahau. Yeye hakulisahau.

Kwetu mikarafuu ina wenyewe, na ntu wa Ole anaijua mikarafuu yake mmoja mmoja kama anavyowajua wajukuu. Lakini chini ya mikarafuu hupita kila mtu. Mipaka tunaitambua kwa mnazi huu na jiwe lile, na kwa wazee wanaokumbuka. Hakuna aliyezungushia shamba lake uzio. Kwa hiyo kutoka nyumba ya dada mpaka kwangu palikuwa na njia iliyopita chini ya mikarafuu, dakika tatu kwa mwendo wake. Kila asubuhi, akishamaliza kufagia, alikuja. Hakupiga hodi hata siku moja. Angepigaje hodi kwa baba yake? Nilisikia kandambili, kisha nilimwona amekwishakaa juu ya kibao cha mbuzi, hata kama nazi ya kukuna hakuna, miguu ameinyoosha, kanga ameiteremsha mabegani. Mke wangu humpa chai. Mimi nilishikilia iwe ya maziwa, ya Kiingereza, na yeye kila siku aliitazama ndani ya kikombe akasema ni chai ya mgonjwa, akainywa nusu na nusu akampa paka.

Basi hatukuwa na mazungumzo makubwa. Karafuu mwaka huu zitashika au hazitashika. Nani kaozesha. Wakati mwengine alikaa kimya tu, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nachoka naye. Nilistaafu nikiwa na vitabu vyangu na redio yangu, na nilitaka asubuhi moja ya kimya kama za kule kijijini.

Michongoma niliipanda mwaka ule wa kwanza wa kustaafu. Mke wangu, ambaye ni mtu wa Jadida na amezoea nyumba za mji zilizobanana, alisema ni vizuri, itazuia mbuzi. Majirani walisimama barabarani wakaniuliza nazuia nini. Nikawaambia ni uzuri tu. Waliondoka wakicheka, na kuanzia hapo watu wakaniita Mngereza.

Miche ikanyauka kiangazi kile kile. Nilikuwa sina nguvu ya kubeba maji, kisima kipo chini kwa upande wa dada. Aliyebeba alikuwa yeye. Alipandisha ndoo kichwani kwa njia ile ile, anamwagia mche mmoja mmoja, na palipo njia anaivuka miche kwa hatua moja ndefu, kanga ameikunja mkononi. Nilikaa barazani nikimwona. Nilimwambia, "Dada, hujui tu, utakuja kupendeza." Akasema inshallah.

Mwaka wa pili uzio ulifika kiunoni, umeshikana vizuri, isipokuwa mahali pamoja palipokuwa na pengo la upana wa mtu. Miche ya hapo ilikuwa haisimami. Niliwalaani mbuzi. Nikaleta miche mipya, mikubwa zaidi, nikaipanda pale kwa karibu karibu, nikaiwekea vijiti vya kuikinga.

Nayo pia aliimwagilia yeye.

Naliandika hili mara ya kwanza, sikuwahi kulisema kwa mtu. Miguu iliyokuwa ikikanyaga miche ile ilikuwa yake, kwa sababu pale ndipo njia ilipopita. Na nilipoziba, alipandisha ndoo akaitia maji miba itakayomfungia. Hakuniambia neno. Mimi msomi, niliyechora kingazi ubaoni miaka thelathini, sikuuliza.

Baada ya hapo alikuja kwa barabara. Kwa barabara inabidi kuteremka bonde lote la mpunga, kuvuka ubao, kupanda kilima, kisha kurudi nyuma kwa njia ya magari. Alikuja mara mbili kwa wiki, halafu Ijumaa tu, halafu Idi tu. Nilisema dada amezeeka. Mke wangu aliniuliza siku moja kama mimi na dada tuna neno, nikamwambia hatuna, magoti tu yanamsumbua. Nami nikinywa chai yangu saa nne kwa kimya, uzio mbele yangu umekatwa sawasawa, vitunda vyekundu vimeshika, na kwa dakika kidogo, kama jua halijawa kali, niliweza kujidanganya kwamba nipo kule. Nilifurahi. Lazima niandike hivyo, kwamba nilifurahi.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Msimu wa karafuu uliopita, mpwa wangu alipiga simu kutoka Wawi kusema mama yake amelala, magoti yamevimba, na yeye hataweza kufika mpaka jioni. Akaniomba nikamtazame. Baskeli ilikuwa na pancha, nikaenda kwa miguu. Nilikuwa nimezoea kwenda kwa baskeli mara moja moja kumpelekea samaki, nasimama uwanjani, nampa, naondoka. Siku ile nilitembea. Nilipofika chini bondeni nilikuwa nimeshasimama mara mbili. Juu ya kilima nilikaa kwenye gogo, moyo unanidunda masikioni, na nikafikiri: huyu ana miaka sabini na tano.

Nilimkuta ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha kwenye jamvi. Nikampa shikamoo, akaitikia. Nikakaa ubavuni pake kupumzika, na kutokea pale nikauona uzio wangu kwa upande wa nje. Sikuwahi kuutazama kutoka huko. Upande wangu naukata, ni laini kama ukuta. Upande wake ulikuwa pori, matawi yamemea huku na huku, miba ya urefu wa kidole. Na kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye ile miba palikuwa na njia, nyeupe, safi, haina jani hata moja. Zilionekana alama za ufagio zimefika mpaka kwenye shina la mchongoma, zikakoma hapo.

Nikamuuliza anafagia kwenda wapi.

"Nifanyeje?" akasema. "Nnaamka, nafagia. Njia hino nnaifagia tangu mama yuhai."

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Nkwambie nini? Shamba si lako?"

Alisema hivyo bila ya ukali, na ndipo nilipolikumbuka lile neno lake mbele ya shehe. Alikuwa amesema hataki zaidi kwa ndugu yake, na njia aliihesabu kuwa ni zaidi.

Mtu akibanwa husema lile alilolizoea, na mimi nililozoea ni Uingereza. Nikaanza kumsimulia. Alikwishaisikia habari ya yule mkulima mara ngapi sijui, lakini nilimsimulia tena, trekta, ngano, kingazi cha vidato viwili, watu na mbwa wao. Nilifika katikati nikakatiza. Nilijisikia. Nilisikia ninachokisema, nikiwa nimekaa upande ule wa miba.

Dada alingoja. Kisha akauliza, "Na mzee huyo, njia hakuifunga?"

"Hakuifunga, dada."

"Kumbe ntu," akasema, akaanza kusugua goti lake.

Nilirudi kwa barabara nikiwa sina hali. Kesho yake nikachukua panga. Mchongoma wa miaka sita si mche tena, shina lake ni nene kama mkono na mizizi imeshikana chini. Ilinichukua siku nne. Mke wangu alitaka tutafute kibarua, nikakataa, si kwa ushujaa, nilihisi tu kwamba kazi hii haiajiriwi. Mikono ilivimba, mwiba mmoja ulikatikia kwenye kiganja na upo mpaka leo. Nilifungua upana wa watu wawili, nikang'oa mashina, nikajaza udongo, nikaukanyaga kwa miguu yangu kwenda na kurudi mpaka ukashika. Njia ya dada ikaunga na uwanja wangu. Nikamtuma mpwa wangu amwambie mama yake kwamba pamefunguka.

Uzio uliobaki sikuung'oa. Sina nguvu, na sitaki kusema uongo, bado naupenda. Lakini siku hizi nakata zaidi pale penye mwanya, pande zote mbili, nje na ndani, kwa sababu nikiacha wiki mbili miba inatoka na kushika kanga ya mtu.

Wiki tatu zilipita kabla magoti hayajampa nafuu. Kila asubuhi nilikaa barazani, kibao cha mbuzi nimekiweka mahali pake, na nilimwambia mke wangu amchemshie dada chai ya rangi, yenye mdalasini, kama anavyopenda mwenyewe. Mke wangu alicheka kidogo, akasema huyo amezoea ya maziwa, akipewa nyengine atajua umeogopa. Tukaacha ya maziwa.

Asubuhi aliyokuja nilikuwa nasikiliza taarifa ya habari. Nilisikia kandambili chini ya mikarafuu, nikapunguza sauti ya redio. Kandambili zikafika kwenye mwanya, zikasimama. Nikamwona, amejishika kwa bakora, kanga ameipandisha kichwani vizuri kama anayekwenda kuhani msiba. Nikangoja aingie.

"Hodi," akasema.

Nilibaki na mkono kwenye redio. Miaka sitini na sita nimekuwa ndugu yake na sikuwahi kulisikia neno hilo kutoka kinywani mwake akiniambia mimi. Nilitaka kumwambia asiseme hivyo, hapa ni kwa baba, pita.

"Hodi," akasema tena, kwa sauti ile ile, hakuinua.

Mke wangu alichungulia kutoka jikoni, akanitazama. Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu. Asipojibiwa hurudi alikotoka, wala halaumiwi.

"Hodi."

"Karibu, dada," nikasema.

Aliingia polepole. Alikipita kibao cha mbuzi, akasimama mpaka nikamwonyesha kiti, akakaa juu ya kiti, miguu ameikusanya pamoja. Aliniuliza hali yangu na ya wa nyumbani. Akapewa chai ya maziwa, akainywa yote mpaka mwisho, paka anamzunguka miguuni na hakumpa kitu, akasema ni nzuri, ahsanteni. Alipomaliza akaniomba ruhusa ya kuondoka.